Mchoro wa mkaa wa maduara yanayojirudia: ndani panageuka kijivu kitupu, tatizo ni nini?

kidole_cheusi

Habari zenu wakuu. Naomba mwongozo kwenye kazi ya mkaa. Ni sanaa dhahania, haina sura wala mandhari: maduara tu yanayojirudia na kuingiliana kutoka juu hadi chini ya karatasi.

Mpango uko hivi. Karatasi ni A1 iliyosimamishwa, yaani milimita 594 kwa 841. Kila duara lina nusukipenyo cha milimita 60. Kitovu hadi kitovu ni milimita 60 vilevile, na kila mstari wa maduara umesogezwa nusu hatua kutoka ule ulio juu yake, kwa hiyo mstari hadi mstari ni milimita 52. Yanaingia maduara 85. Kuhusu kivuli, kila duara linapakwa tabaka moja jepesi, ili yanapopandana pakolee kadiri idadi inavyoongezeka.

Kwenye majaribio ya A3 kingo zinapendeza, toni zinapanda hatua kwa hatua. Ukiingia ndani kidogo tu, kila kitu ni kijivu kimoja kizito na maduara yenyewe hayaonekani tena. Vifaa vilivyopo: manila nyeupe, mkaa wa vijiti, mkaa wa kushindiliwa, penseli za mkaa, bikari ya shule na ufutio mweupe wa plastiki.

Kijivu hicho kinaletwa na nini: mkaa, karatasi au mpango? Matundu ya sindano ya bikari yanaepukwaje, maana 85 ni mengi? Na mkaa wa kushindiliwa uingie hatua ipi? Nipo Dar, kwa hiyo mtakaogusia kukazia mchoro mfikirie na unyevu.

nukta_na_tao

Mkuu, mkaa hauna kosa hapo. Kosa liko kwenye umbali wa vitovu.

Kitovu hadi kitovu kikiwa sawa na nusukipenyo, kila duara linapita juu ya vitovu vya jirani zake sita. Unapata lile ua la majani sita ambalo kila mwanafunzi amelichora kwa bikari. Sasa hesabu kila kipande kimefunikwa na maduara mangapi. Mbali na kingo utakuta vipande vya aina mbili tu: vyenye umbo la jani, ambavyo vimefunikwa na maduara manne, na pembetatu zenye kingo zilizopinda, ambazo zimefunikwa na matatu. Hakuna kipande cha duara moja wala cha mawili. Majani yanachukua takribani asilimia 63 ya eneo, pembetatu asilimia 37. Kwa hiyo kanuni yako ya kuongeza tabaka inakupa toni ya tatu na ya nne peke yake, na kwa mkaa tofauti kati ya hizo mbili ni ndogo mno. Toni ya kwanza na ya pili zipo ukingoni tu. Ndiyo maana ukingoni panapendeza.

Dawa ya kwanza ni kutanua umbali. Ukiuweka kati ya nusukipenyo mara 1.16 na nusukipenyo mara 1.73, hesabu inabadilika: katikati ya kila duara panabaki pamefunikwa mara moja, jirani wawili wanapopandana ni mara mbili, na wanapokutana watatu ni mara tatu. Hapo umepata toni tatu halisi bila kubadilisha ukubwa wa duara. Ukipita 1.73 zile pembetatu za tatu zinapotea na mianya meupe inaanza kufunguka kati ya maduara.

Kwa nusukipenyo chako cha milimita 60, chukua umbali wa milimita 75. Mstari hadi mstari ni 75 mara 0.866, yaani milimita 65. Kwenye A1 iliyosimama inaingia mistari 10, mmoja wa maduara 6 na unaofuata wa maduara 5, jumla 55. Mchoro mzima unakuwa na upana wa milimita 495 na kimo cha milimita 705, ukiacha pambizo la karibu milimita 50 kila upande na milimita 68 juu na chini. Duara kamili liliguse pambizo, lisikatwe.

Dawa ya pili, kama unaupenda mpangilio wako wa kwanza, ni kuacha kuongeza tabaka na kutumia witiri na shufwa. Kipande kilichofunikwa na idadi witiri kinakuwa cheusi, shufwa kinabaki cheupe. Kanuni hii haishindwi hata maduara yakipangwa ovyo na kwa ukubwa tofauti, kwa sababu kila unapovuka mstari mmoja hesabu inabadilika kwa moja. Vipande viwili vinavyopakana kwa mstari haviwezi kuwa na rangi moja. Kwenye mpangilio wako majani yatakuwa meupe na pembetatu nyeusi.

Ya tatu ndiyo ninayoiona ina uhai zaidi: ondoa baadhi ya maduara. Kila duara unaloliondoa linashusha hesabu kwa moja kila mahali lilipokuwa, nne inakuwa tatu na tatu inakuwa mbili. Ukiondoa mawili yanayopandana, pale yalipopandana inashuka kwa mbili. Ondoa nane hadi kumi kati ya yale 85, ukiyakusanya upande mmoja badala ya kuyasambaza sawasawa, na utapata eneo la mwanga lenye mwelekeo. Marudio yasiyo na mahali pa kuvunjika humchosha mtazamaji haraka, na jicho likishaielewa kanuni halina sababu ya kuendelea kutembea.

Kuhusu matundu, usichome karatasi kabisa. Kata duara la kiolezo kwenye filamu ya zamani ya eksirei au karatasi ngumu ya gramu 300, toboa kitundu cha milimita 2 kwenye kitovu, halafu chora misalaba miwili inayokutana hapo. Kwenye karatasi weka nukta nyepesi za vitovu kwa rula, panga kitundu juu ya nukta, zungusha mkaa pembeni. Futa ukingo wa kiolezo kwa kitambaa kila baada ya duara moja au mawili. Vumbi linalokusanyika hapo ndilo linaloacha kivuli kichafu nje ya mstari, na watu wengi hudhani ni mkono.

Ukilazimika kutumia bikari, bandika kwanza kipande cha tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, tabaka tatu, kiasi cha ukucha. Sindano ikae kwenye tepu. Kabla ya kuibandika igusishe kwenye nguo mara mbili tatu ipunguze gundi, vinginevyo itang'oa nyuzi za karatasi.

fundi_toni

Nakubaliana na hesabu hiyo. Ila hata hesabu ikinyooka, manila itakuangusha.

Mkaa haushiki karatasi kwa gundi. Chembe zake zinakaa kwenye ukwaruzo wa karatasi, basi. Manila ni laini, vibonde vyake vinajaa kwenye tabaka la pili. Ukipaka la tatu, vumbi halina pa kukaa, linateleza juu ya vumbi jingine, linasogezwa na kitambaa na kuzika mistari. Kwa hiyo kijivu chako kina vyanzo viwili: hesabu aliyoeleza mwenzangu, na karatasi iliyoshiba.

Tafuta karatasi ya kuchorea ya gramu 160 hadi 200 yenye ukwaruzo mdogo unaousikia kwa kidole. Karatasi ya rangi za maji ya gramu 300 inafaa pia, ila ile yenye ukwaruzo mkubwa inakatakata mstari wa duara na kukuachia nukta nyeupe ambazo hazijazi. Ukipata Canson Mi-Teintes, ambayo ni gramu 160, angalia pande zote mbili. Upande mmoja una alama kama sega la nyuki, na ukipaka toni pana alama hizo zinajitokeza na kushindana na maduara yako. Tumia ule mwingine. Ukiwa huna namna zaidi ya manila, ipake rangi nyeupe ya maji ya ukutani isiyong'aa, tabaka moja jepesi kwa rola ya sponji, iache ikauke siku nzima. Rola inaacha chembechembe ndogo zinazoshika mkaa vizuri.

Sasa mpangilio wa kazi. Ushauri wangu mkubwa ni huu: usijenge toni tatu kwa matabaka matatu. Kwa umbali wa milimita 75 toni ya kati, ile ya maduara mawili, iwe ndiyo msingi wa eneo lote. Sehemu za duara moja unazing'arisha kwa ufutio, sehemu za maduara matatu unazikoleza kwa mkaa wa kushindiliwa. Hapo hakuna sehemu inayobeba zaidi ya matabaka mawili, na karatasi haishibi.

Bandika karatasi kwenye hadibodi kwa tepu pande zote nne, chini yake weka karatasi tatu safi. Ukiiweka moja kwa moja juu ya plaiwudi, mishipa ya mbao itajichapa kwenye toni na haitoki. Nukta na mistari ya mwongozo ichorwe kwa ncha ya kijiti cha mkaa, kwa wepesi. Penseli ya kawaida usiiguse. Risasi yake inang'aa, mkaa unaikataa, na ukiikandamiza inachimba mfereji utakaobaki kama mstari mweupe chini ya kila utakachopaka.

Unga wa mkaa kijiko kimoja cha chai unatosha A1. Zima feni, funga dirisha, vaa barakoa. Unga ukirushwa hewani unatua kwenye pambizo, na pambizo likichafuka hutalirudisha kuwa jeupe. Tumia kitambaa cha pamba kilichochakaa, usitumie vidole. Ngozi ina mafuta, na alama ya kidole inajitokeza kama doa jeusi dakika chache baadaye hata kama hukuiona ulipokuwa unapaka. Sugua kwa mizunguko midogo na simama milimita 5 ndani ya matao ya nje kabisa, kisha malizia ukingo huo kwa brashi laini. Ukiyapita matao ya nje, weupe wa nje hautarudi kamili. Ufutio hupunguza mkaa uliosuguliwa, hauwezi kuuondoa wote.

Baada ya msingi, rudia mistari ya maduara kwa kiolezo na penseli ya mkaa. Halafu ng'arisha. Kata ufutio wa plastiki kwa wembe uwe na ncha kama kabari, na kata upya kila ncha inapochafuka. Ili ukingo wa tao utoke mkali, kata tundu lenye umbo la kipande unachotaka kwenye filamu ya eksirei, lilaze juu ya mchoro, futa ndani ya tundu. Filamu iinuliwe wima, isiburutwe.

Mkaa wa kushindiliwa ndio wa mwisho. Una kiungo cha kushikamanisha, ndiyo maana ni mweusi zaidi ya kijiti na ndiyo maana ufutio hauutoi. Ukiutanguliza halafu ukapitisha kijiti juu yake, kijiti kitateleza na kuacha ukungu wa kijivu juu ya weusi. Paka kwanza ndani ya pembetatu, kisha sogea ukingoni kwa ncha iliyonolewa kwenye msasa. Anza juu kushoto ushuke kulia kama unatumia mkono wa kulia, na mkono uegemee rula ndefu iliyolala juu ya vibao viwili nje ya karatasi. Vumbi lililodondoka usilipulize kwa mdomo, tone moja la mate linaharibu toni. Inamisha ubao mbele, gonga nyuma yake.

kidole_cheusi

Asanteni sana, hili la kuhesabu vipande limefungua kila kitu. Nachukua umbali wa milimita 75 na msingi wa toni ya kati. Swali: ufutio wa plastiki unatosha kweli, au nitafute ule wa kukanda? Na kipimo cha toni ya kati ni kipi, maana hapo ndipo naona mtu anaweza kupotea.

fundi_toni

Vyote viwili, kila kimoja na kazi yake. Wa plastiki unakata ukingo mkali. Wa kukanda hausuguliwi, unabonyezwa na kuinuliwa, unanyonya vumbi kidogo kidogo, kwa hiyo ndio wa kupunguza toni pale ulipokoleza kupita kiasi. Ukiukosa, ile gundi ya kukanda ya kubandikia karatasi ukutani inafanya kazi hiyo, ila usiiache imekaa juu ya karatasi kwani huacha mafuta.

Kwa kipimo, kata kipande cha karatasi ileile utakayochorea, chora miraba mitano ya sentimita 3. Wa kwanza uache mtupu. Wa tano ujaze mkaa wa kushindiliwa hadi usiweze kukolea zaidi. Wa tatu uwe katikati ya hiyo miwili ukiuangalia kwa macho yaliyokunjwa kutoka mita mbili. Wa pili ni ule wa tatu uliofutwa kwa plastiki, ili ujue mwanga wako utafika wapi kwa kweli. Wa nne uuache kwa dharura. Msingi ulingane na wa tatu au uwe mwepesi zaidi kidogo, kwa sababu ukikazia utakolea. Kipande hicho kiwe pembeni ya ubao muda wote wa kazi.

bega_huru

Nawasalimu kutoka Nairobi. Mmeeleza vizuri, lakini mnampeleka ndugu yetu kwenye mchoro wa kiwandani. Mkaa ukibanwa na kiolezo mwanzo hadi mwisho unapoteza kile kinachoutofautisha na wino: unene wa mstari unaobadilika na shinikizo la mkono. Maduara 55 yenye ukingo uleule ni karatasi ya kufungia zawadi.

Angalieni kazi za msanii Eva Hesse za 1966, zile za maduara yaliyopangwa kwa safu kwa wino uliozimuliwa na maji. Mpangilio ni mkali kabisa, safu kwa safu, lakini kila duara lina toni yake ndani, linakolea upande mmoja na kufifia mwingine. Kanuni iko kwenye mahali pa duara, uhuru uko ndani yake. William Kentridge wa Johannesburg naye, ambaye kuanzia 1989 ametengeneza michoro inayotembea kwa kuchora kwa mkaa, kufuta na kuchora tena juu ya karatasi ileile, anaacha alama za ufutio zionekane. Ule mzimu wa mstari uliofutwa ni sehemu ya mchoro.

Pendekezo langu: tumia kiolezo kwa mwongozo mwepesi tu, kisha kila duara lichorwe upya kwa mkono. Karatasi iwe wima ukutani, kitovu cha eneo unalochora kikiwa usawa wa kifua. Kijiti ukishike chini ya kiganja kati ya kidole gumba na vidole viwili, usikishike kama kalamu. Zungusha kutoka begani, kifundo cha mkono kimefungwa. Pitisha mkono hewani mizunguko miwili bila kugusa, wa tatu gusa, mzunguke mara mbili mfululizo bila kuinua. Mizunguko hiyo miwili haitalingana kabisa, itaachana milimita moja au mbili, na kwenye mwachano huo ndipo duara linapoanza kutetemeka na kuwa hai. Kwa nusukipenyo cha milimita 60 bega linabanwa kidogo, duara la milimita 150 na zaidi ndilo linalolipendeza. Mimi ningepunguza idadi na kukuza maduara.

Kwa maduara makubwa usitumie uzi na msumari. Uzi unajizungusha kwenye msumari, unafupika kila mzunguko, na kijiti kikiinama nusukipenyo kinabadilika. Nailoni ndiyo mbaya zaidi kwa sababu inavutika. Chukua kipande chembamba cha mbao, toboa tundu la msumari upande mmoja na matundu ya kijiti kila sentimita 5. Kijiti ukizungushie tepu ya karatasi mara mbili mahali kinapobanwa, ndipo hakitavunjika.

nukta_na_tao

Mkuu wa Nairobi, hoja ya mstari wa mkono naikubali, lakini kwa sharti. Kwenye mpangilio huu pembetatu za maduara matatu ni ndogo. Kwa nusukipenyo 60 na umbali 75, kutoka katikati ya pembetatu hadi tao lililo karibu ni milimita 17 tu. Mkono ukiyumba milimita 2 hakuna shida. Ukiyumba 10, pembetatu moja inamezwa na nyingine inavimba, na kanuni nzima ya toni inasomeka kama uzembe. Kwa hiyo mstari wa mkono ufuate mwongozo kwa karibu, au umbali upunguzwe hadi milimita 70 pembetatu zipate nafasi zaidi. Na ukipunguza umbali, hesabu mistari upya kabla ya kubandika karatasi.

La toni kubadilika ndani ya duara ni zuri na halivunji hesabu, mradi kipande chepesi kabisa cha toni ya tatu kibaki cheusi kuliko kipande kizito kabisa cha toni ya pili kilicho jirani yake.

mzabibu

Mmetaja mkaa wa vijiti kana kwamba lazima ununuliwe dukani. Unatengenezwa, na Tanzania tuna malighafi yake bora: matawi ya mzabibu. Mkaa wa mzabibu umetumiwa na wachoraji wa Ulaya kwa karne nyingi, na Dodoma mizabibu hupogolewa kila msimu, matawi yanatupwa au kuchomwa.

Chukua matawi yaliyonyooka, unene wa penseli, kata urefu wa sentimita 12, menya ganda, anika mpaka yavunjike kwa mlio. Yakiwa mabichi yatapasuka ndani ya kopo. Panga wima kwenye kopo la bati lenye mfuniko wa bati, yabanane yasiache nafasi, maana hewa iliyobaki ndani ndiyo inayoyageuza majivu. Toboa tundu moja la msumari kwenye mfuniko. Weka kopo katikati ya moto wa kuni. Kwanza utatoka mvuke mweupe, kisha moshi mzito wa manjano, na gesi inayotoka tunduni inaweza kushika moto. Hiyo ni kawaida. Moshi ukikoma kabisa, kwa kopo la kilo moja huchukua saa moja hadi mbili kutegemea moto, toa kopo, ziba tundu kwa udongo, acha lipoe hadi kesho yake. Ukilifungua likiwa la moto hewa itaingia na vijiti vitawaka.

Kijiti kilichoiva kinakatika kwa mlio mkavu na ndani ni cheusi hadi kwenye moyo. Kikiwa na ukahawia ndani kimetoka mapema, kitakwaruza na kuacha mstari wa rangi ya chai. Kirudishe kwenye kopo.

Mkaa wa jikoni kwa mstari wa duara haufai. Unatokana na miti migumu, una vipande vilivyoungua vibaya na punje zinazochana karatasi. Lakini unafaa kwa unga wa msingi: twanga, chekecha kwa kitambaa cha nailoni cha soksi za kike mara mbili, tumia ule uliopita tu.

fundi_fremu

Nimalizie upande wa kukazia na fremu, kwa sababu kazi nyingi nzuri za mkaa hufia hapo.

Amua kabla ya kupuliza. Fiksativu, yaani dawa ya kupuliza inayokazia mkaa, ikishakauka ufutio hautoi kitu tena, kwa hiyo sehemu zote za mwanga ziwe zimekamilika. Tarajia toni za kati kukolea kidogo. Kwa Dar fanya mchana mkavu, epuka asubuhi za masika, karatasi yenye unyevu inajikunja mawimbi na matone yanachelewa kukauka. Fanyia nje kwenye kivuli au barazani, kwa barakoa, moshi wake si wa kuvuta chumbani.

Ubao usimame umeinama kidogo, mkono uwe sentimita 30 hadi 40 mbali. Anza kupuliza nje ya karatasi, pita mlalo hadi nje ya upande wa pili, ndipo ushushe mkono. Tone kubwa la mwanzo linatua nje. Matabaka mawili au matatu mepesi, dakika 10 hadi 15 kati yake. Tabaka moja zito linalolowesha linaogelesha vumbi, na kwenye pembetatu nyeusi utaona mng'ao wa madoa. Jaribu kwanza kwenye kile kipande cha miraba mitano.

Spreyi ya nywele inatajwa sana kwa sababu ni rahisi. Inashika kwa muda, lakini huwa ya manjano na inanata vumbi la hewani. Kwa zoezi sawa, kwa kazi ya kuuza hapana.

Fremu iwe ya kioo halisi. Plastiki inayofanana na kioo ina umeme tuli unaovuta chembe za mkaa kutoka kwenye karatasi hata kama imekaziwa. Kioo kisiguse mchoro: weka fremu ya ndani ya kadi au vijiti vya kutenganisha milimita 3 hadi 5. Ukisubiri fremu, usikunje kama bomba, utasugua toni zote. Funika kwa karatasi ya tresi, laza kati ya hadibodi mbili, bana kingo kwa tepu ili tresi isitembee.

kidole_cheusi

Nimeelewa vizuri, wakuu. La mwisho: sehemu za duara moja zikishindwa kung'aa vya kutosha, naweza kuongeza chaki nyeupe?

fundi_toni

Unaweza, ila si juu ya mkaa. Chaki na mkaa vikichanganyika vinatoa kijivu cha buluu kilichopoa ambacho hakifanani na kijivu kingine chochote kwenye mchoro. Safisha kipande hicho kwa ufutio wa plastiki kadiri kinavyokubali, ndipo uguse chaki katikati yake tu, mbali na ukingo. Na uipake baada ya kukazia. Fiksativu huzamisha chaki, na weupe ulioupaka unaweza kupotea karibu wote. Ila kwa karatasi nyeupe fikiria kwanza kulegeza msingi. Mwanga ukikataa kutoka, mara nyingi msingi ulisuguliwa kwa nguvu hadi unga ukaingia kwenye nyuzi. Kwenye karatasi inayofuata paka unga kwa brashi laini badala ya kitambaa, utafutika kirahisi zaidi.

nukta_na_tao

Na ukiwa na karatasi ya rangi ya kijivu au ya kaki, mambo yanageuka: karatasi yenyewe inakuwa toni ya pili, hupaki msingi kabisa, chaki inashika vipande vya duara moja na mkaa unashika vya maduara matatu. Mistari ya kiolezo tu, vipande viwili vya kujaza, na hakuna mahali mkaa na chaki vinapokutana, kwa sababu kwenye mpangilio wa milimita 75 kipande cha moja na kipande cha tatu havipakani kwa mstari, vinagusana kwenye ncha tu.